Tepu ya Zamani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Cherehani imepona, na wapwa zako wanakusalimu.

Mume wangu alirudi Jumanne baada ya miezi saba, amekonda, sauti imemkauka. Mama mkwe akaninong'oneza, "Huyu si mwanangu. Mpime mkono." Unakumbuka tulivyoambiwa utotoni: zimwi huiga mtu kwa kila kitu, ila mikono humshinda, humtoka mirefu. Nikajifanya nampima shati. Inchi ishirini na saba! Mume wangu ni ishirini na tatu. Mama mkwe akamkalia miguu, nami nikamchoma mkasi shingoni mara sita. Damu ikaruka hadi kwenye vitambaa vya wateja. Alikuwa akiniita kwa jina la utani, lile la chumbani.

Majirani wanatusifu.

Jana nilipokea tepu mpya ya kupimia uliyonitumia, ahsante. Ndipo nikakumbuka kwamba ile ya zamani ilikatika mwanzoni, inaanzia inchi ya nne. Siku zote huwa nazitoa hizo nne. Siku ile, kwa hofu, sikuzitoa.

Sijamwambia mtu. Leo shemeji naye amerudi kutoka safari, na mama mkwe anaita uani: "Mkwe wangu, njoo na tepu ileile!"

Mdogo wako,
mwenye tepu mbili shingoni