Mume wa Kuazima

Doha, Jumapili jioni

Mke wangu mpendwa, Mama Chebet,

Chamgei? Mimi ni mzima, ni joto tu linalotumaliza hapa langoni ninapolinda. Kidonda cha upasuaji kinaendeleaje? Usijitwike kikapu bado. Hata majani ya chai yakikomaa shambani, yaache. Na Kiprotich, ananyonya vizuri?

Nimesoma meseji yako mara nyingi. Namshukuru Mungu mko hai. Lakini nikisema sina wivu nitakuwa nadanganya. Ninao hadi chakula hakipiti.

Najua chanzo ni mimi. Ni mimi niliyesema, "Hiyo bima ya serikali tuiache kwanza, hatuna mgonjwa, tununue ndama." Daktari aliposema lazima upasuliwe, ndama hangekusaidia chochote pale kaunta. Betty, mke wa jirani yetu Koech, akakupa kadi yake ya matibabu, ile ya kampuni ya majani anakofanya kazi mumewe, ukalazwa kwa jina lake. Hadi hapo namshukuru. Lakini ukiwa Betty, basi mumeo ni Koech! Umeniandikia mwenyewe kwamba alikuja saa ya kuona wagonjwa, na thermos ya chai mkononi, amevaa koti la kanisani, na nesi akamwita, "Baba mtoto, kuja ushike kijana yako." Akamshika. Mwanangu ameshikwa na Koech kabla mimi sijamwona hata kwa simu. Na hilo koti lilikuwa la nini? Mtu akienda kusaidia jirani huvaa koti?

Hapa chumbani naishi na Barasa, mlinzi mwenzangu wa Bungoma, na tunabishana kila siku. Yeye husema, "Mfuko ikuwe moja ya nchi nzima. Kila mtu atoe kwa ushuru, kila mtu atibiwe." Nilikuwa namjibu kwamba sioni kwa nini mimi mwenye nguvu zangu nimlipie mgonjwa wa kule Silibwet nisiyemjua. Jana nilimwambia ameshinda. Tungekuwa sote kwenye mfuko mmoja, ungeingia hospitali kwa jina lako, na Koech angebaki kwake na koti lake. Barasa alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Kinachoniuma zaidi ni ile karatasi ya hospitali. Inasema Kiprotich ni mtoto wa Betty na Koech. Cheti cha kuzaliwa kikitoka hivyo, shuleni ataitwa mtoto wa nani? Nenda na Betty hospitalini mapema, mseme ukweli, warekebishe. Watafoka, najua. Bili yote watudai sisi, Koech asije akapoteza kazi kwa ajili yetu. Uza ndama. Kitakachobaki, lipia bima.

Nisalimie mama yangu, mwambie magoti yake nayawaza. Msalimie ndugu yangu Langat, na shangazi anayekupikia uji. Chebet mbusu, na umkataze kumwita Koech "baba mdogo". Hata Koech mwenyewe msalimie. Amenifanyia wema mkubwa, namshukuru kwa kweli. Ila asante yangu mpe mkiwa mmesimama mlangoni.

Na kwenye fomu ya bima, pale panapoulizwa mume ni nani, andika jina langu kwa herufi kubwa.

Ni mimi, mumeo wa nyumbani na wa karatasi,

Kipng'eno