Babu Yako na Reli za Georgetown

Bowie, Maryland, 2008

Mjukuu wangu Neema,

Salamu zako za Dodoma zimetufikia. Hapa hatujambo, ila goti la babu yako limeanza kuwa na maoni yake.

Umeniuliza utaishije na mchumba anayejua kila kitu. Basi sikia.

Mwaka tulipofika Marekani, babu yako alinisindikiza Georgetown, mtaa wa zamani wa Washington, kwenye usaili wa kazi ya kumtunza mzee. Tukakuta reli katikati ya barabara. Babu yako, mtu wa reli wa Tabora, akainama kuzikagua.

"Zinang'aa, Mama Rehema. Reli isiyopitiwa hushika kutu. Tusubiri."

Tukasubiri. Yakapita magari tu, yakizisugua kwa matairi. Nikamuuliza bibi kizee mmoja mwenye mbwa, akasema tramu, yaani treni ndogo ya mjini, ya mwisho ilipita yeye akiwa msichana.

"Huyo si mtu wa reli," akasema babu yako.

Nikamwacha hapo, nikatembea, nikawahi, nikapata kazi. Niliporudi alikuwa palepale, anatazama saa.

"Nimepata," nikamwambia.

"Hongera, Mama Rehema. Sasa twende kwa miguu. Hawa watu wanachelewa mno."

Olewa naye ukimpenda, mjukuu wangu. Ila vaa viatu vya kutembelea.

Bibi yako akupendaye