Haragwe la Mama

Nakusalimu kwa kilugha chetu: mwakeye, mjukuu wangu Eliya. Hapa Kasulu tu wazima, na dada yako kajifungua salama.

Unauliza sisi tulijifunzaje vita bila kompyuta kama zenu za kuigizia vita huko jeshini. Miaka ya sabini, kwenye mgambo, mkufunzi alichora kijiji chetu chini mavumbini. Maharage yalikuwa sisi, mahindi adui. Nikapewa mahindi. Nikayapitisha njia ya kisimani, nikawazunguka wenzangu, nikashinda. Makofi hayo!

Mama alikuwa ametuletea viazi. Akainama, akatazama. "Mwanangu, mimi niko wapi hapo?"

Nikainama nami, nikatazama. Punje yangu ya mbele ilisimama uani kwetu, na mama hatukumwekea hata haragwe moja.

Wewe je, kwenye kompyuta yako umeniweka wapi?

Bibi yako