Insha ya Mvua Kwenye Kamba

Jumatatu, 4 Machi

Nimesahihisha insha za darasa zima na bado nacheka, ingawa ningepaswa kulia. Kichwa nilichowapa: Faida za Usafi Shuleni. Mvua! Karibu wote wameanza na mvua. "Siku hiyo mawingu meusi yalitanda, nami nikazijua faida za usafi." Mmoja kaumaliza usafi kwa mistari miwili, kisha mafuriko, kurasa mbili nzima.

Chanzo kiko ukutani, pembeni mwa ubao. Karatasi ya manila iliyogeuka rangi ya chai: insha ya mvua kubwa, kwa mwandiko wa mkuu wa idara yetu mwenyewe. Aliiandika alipokuwa mwalimu kijana kama mimi. Kila darasa linalopita humu huikariri neno kwa neno na kuimwaga kwenye mtihani wowote, hata ukiwa wa barua ya kuomba kazi. Wanafunzi wanamwita Bwana Nukta, maana kila anachosema anakifunga kwa neno hilo. Nilipomwambia nataka kuwafundisha kupanga aya zao wenyewe, alinitazama juu ya miwani. Insha nzuri ipo ukutani, waikariri, nukta.

Alhamisi ya wiki ijayo atakaa darasani kunikagua. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, darasa linarudi kwake, nami nabaki nyumbani na shangazi na vyeti vyangu, tunatazamana watatu.

Halafu kuna Redio. Msichana wa dawati la mbele, hanyamazi. Anaandika kama anavyoongea: kurasa tatu, aya moja, bila pengo. Na ndani yake mna mawazo mazuri ajabu, yamebanana kama nguo kwenye sanduku dogo. Nilimuuliza kwa nini hapumziki. Akasema kwao wako wengi mezani, ukipumua tu mwenzio ameshadakia.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Nimepata, nimepata.

Nilikuwa namsaidia shangazi kuanika. Nikabana leso katikati ya mashuka. Akaing'oa. Mashuka na mashuka, akasema, hiyo leso hapo kama imepotea njia. Nikabaki nimesimama na shuka linanidondokea miguuni. Akauliza kama naumwa.

Aya ni hiyo hiyo! Vinavyohusiana vikae pamoja, kimoja kikivute kingine, na kilichopotea njia kionekane kwa mbali. Nimechukua aya ya gazetini, nimeiandika kwa maandishi makubwa, nimeikata vipande, sentensi moja moja. Nimevuruga. Kesho naifunga kamba darasani.

Vibanio vyote vya shangazi vimo mkobani mwangu. Hajui.

Jumatano, 6 Machi

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama.

Kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kabati. Sentensi zinaning'inia. Nikawaambia: moja kati ya hizi ni mwenye nyumba, zilizobaki ni watu wake. Nyingine ni mgeni, haishi hapa. Mtafuteni.

Walipigana! Kwa maneno, namshukuru Mungu. Waliosinzia tangu muhula uanze walikuwa wamesimama juu ya viti. Mmoja anasema huyu ni mgeni, hata viatu hajavua. Mwingine anasema ni mtoto wa nyumba, ila amewekwa chumba kisicho chake. Na Redio — Redio ameshika sentensi inayoanza na "hata hivyo," amegoma kuiachia.

"Hii haiwezi kutangulia, jamani! Inabishana, na hakuna aliyesema kitu bado!"

Nimesoma miaka mingi na hakuna aliyenieleza vizuri kuliko hivyo.

Nyumbani, balaa. Upepo umezirusha nguo za shangazi hadi kwa jirani, hata zile ambazo jirani hakupaswa kuziona. Ananiambia elimu yangu imemvua nguo mbele ya mtaa. Nimemnunulia vibanio vipya. Anasema hivi ni vya plastiki, nimrudishie vyake.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Nukta amepita. Ameitazama kamba. "Binti, darasa si uwanja wa kufulia. Nukta." Lakini hakuondoka papo hapo. Alibaki mlangoni kidogo, anasoma vipande kwa midomo.

Na Redio ameleta insha. Kuna pengo! Aya mbili. Nimelizungushia duara lile pengo, mahali pasipo na neno lolote, nikaandika pembeni: safi sana.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewaambia kila kundi lichague aya iliyo bora kuliko zote wanazozijua. Kesho wataikata wenyewe. Wametoka wakikimbia. Nilijiona mwalimu kwelikweli.

Jumanne, 12 Machi

Ukuta mtupu. Alama nne za gundi na mraba mweupe wa rangi ya zamani.

Kundi la Redio limeikata insha ya mvua. Yenyewe, si nakala. Nilipoingia vipande vilikuwa vimeshapangwa mezani, vimekatwa kwa uangalifu mno, na Redio ananitazama kama mtu aliyeniletea zawadi. Nilisema iliyo bora kuliko zote, akanikumbusha. Sasa ipo nyingine?

Nikaomba gundi. Wakaanza kuirudisha kama ilivyokuwa, na kwao ni rahisi, wanaijua macho yamefumbwa. Ndipo Redio akasema hapana, huku ni kukariri kwa mikono, tuipange kwa maana kama zile nyingine. Ningepaswa kuwakataza. Sikuwakataza! Nilitaka kuona.

Mawingu wakayaweka pamoja. Mifereji iliyofurika, pamoja. Watu waliokimbia sokoni, pamoja. Ikatoka nzuri kuliko ya ukutani. Lakini kikabaki kipande kimoja. Kwenye manila kilikaa katikati ya mifereji, na vizazi vya wanafunzi vimekitamka pale bila kukwama:

"Mama alikuwa amesimama mlangoni, hakuniita."

Wamekijaribu kila mahali. Hakikai. Redio akasema, taratibu kwa mara ya kwanza: "Mwalimu, tumeikariri mwaka mzima. Hakuna aliyejiuliza huyu mama anafanya nini pale."

Wala mimi sikujiuliza. Nimesimama chini ya sentensi hiyo kila siku.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda ofisini kwa Bwana Nukta kumwambia. Yuko mkutanoni, harudi leo. Nikahisi nafuu, na nafuu hiyo ikaniudhi.

Gundi ninayo. Naweza kuibandika kabla usiku haujaingia, asione. Ataona. Shangazi anasema nguo iliyopasuka anaianika upande wa barabarani, ili asipate muda wa kujidanganya kwamba ni nzima. Sijui kama hilo ni shauri au ananisema kuhusu vibanio.

Nitaitundika. Yote, pamoja na kipande cha mama. Naogopa, lakini siyo hofu tupu — nusu yake ni furaha, Mungu anisamehe. Nataka kesho ifike.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika hapa hapa, dawati la nyuma, daftari mapajani. Hakuna anayenitazama.

Bwana Nukta aliingia, akaketi hapa nilipo. Jambo la kwanza alitazama ukuta. Nilimwambia mbele ya wote: insha yake imekatwa, iko kwenye kamba, na agizo lilikuwa langu. Hakusema nukta. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Nikafundisha. Wakapanga kwenye kamba aya ya mawingu, ya mifereji, ya soko. Akawa anasogea mbele kidogo kidogo na kiti chake. Halafu Redio akasimama na kile kipande mkononi, akamgeukia yeye, si mimi.

"Mzee, samahani. Hii haina nyumba. Mama anafanya nini mlangoni?"

Bwana Nukta akaenda, akakipokea, akakisoma kama mwandiko wa mtu mwingine.

"Kulikuwa na aya yake," akasema. "Niliitoa. Karatasi ilijaa."

Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Karatasi haikujaa."

Akaniomba chaki. Mimi! Akaniashiria kiti chake, nikaja kuketi. Kalamu yake ya ukaguzi iko hapa karibu na kiwiko changu, kifuniko hakijatoka. Ameiandika sentensi ya mama juu kabisa ya ubao, mahali pa mwenye nyumba, na chini yake ameandika nyingine moja, kwamba yeye, mwanawe, alikuwa ameondoka nyumbani kwa hasira na mvua ikamkuta barabarani. Sasa amesimama. Chaki iko hewani.

Kengele imelia. Hakuna aliyenyanyuka. Mwalimu wa hesabu amefika mlangoni na rula yake kubwa, anasoma ubao.

Bwana Nukta ametugeukia. Anauliza, "Baada ya hiyo, inakuja ipi?"

Mikono yote iko juu, wengine wamesimama. Redio peke yake hajanyoosha. Ameweka kidole mdomoni, anautazama ubao, anafikiri, na Bwana Nukta anamngoja yeye