Punje Zangu Kwenye Picha ya Mafuriko

Mdogo wangu Fidea,

Marahaba, najua ungeniamkia. Niko Songea kwa mwanangu Kolumba, huku Msamala, na nimeshagombana na mtaa mzima.

Jana kwenye mkutano wa mtaa maafisa wa maafa walichora majanga kwenye makaratasi, wakagawa punje za mahindi. Unaweka punje kwenye picha ya janga unaloliona la hatari zaidi, na litakaloongoza kwa punje ndilo litakaloshughulikiwa kwanza. Wanaume wazima wakamwaga zote kwenye radi! Nikachukua punje za Kolumba, nikasimama. "Nyie, radi mtaichimbia mtaro? Mvua ikinyesha, maji yanaingia mpaka uvunguni, wajukuu wangu wanalala mezani!"

Mwenyekiti akasema, "Bibi, wewe mgeni. Punje hizo si zako."

"Haya, ambaye kwake hapaingii maji anyooshe mkono, nimpe yeye."

Hakunyoosha hata mmoja. Mwenyekiti mwenyewe akatazama viatu vyake. Nikaziweka kwenye picha ya mafuriko, nao wakaanza kuhamisha zao kimyakimya kama wezi, mafuriko yakashika namba moja.

Wameahidi kuchimba mtaro. Siwaamini, kwa hiyo sirudi mpaka nione majembe. Nilishie kuku wangu. Mayai kula, kuku mwenyewe usimguse. Nimekukumbuka, mvivu wewe. Mungu akutunze.

Dada yako,
Otilia