Joto la Ukutani

Kijiji cha Chiren,
Wilaya ya Vratsa,
Bulgaria.
19 Januari 2023

Mpendwa mpwa wangu Zornitsa,

Nakusalimu kutoka nyumbani, nikiomba barua hii iwakute wazima, wewe na mumeo Asen na binti yenu Boyana. Nasikia huko Valencia michungwa ina matunda hata mwezi huu. Natumaini pia kwamba yule bibi wa Kihispania unayemtunza anakula vizuri, analala vizuri, na chumba chake kina joto.

Mimi nina miaka sabini na tisa na bado napasua kuni mwenyewe. Mke wangu Raina hajainuka kitandani tangu Oktoba, lakini akili yake ni nzima na ulimi wake ni mzima zaidi. Theluji imefika madirishani. Mbwa amekufa.

Nimekupigia simu mara sita, hukupokea. Najua unadhani nilitaka kukuhutubia. Basi nimeandika, na dereva wa basi la Hispania ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Isome mpaka mwisho kabla ya kulia. Kulia hakutamsaidia mama yako, ambaye yuko hospitali.

Nitaeleza kwa utaratibu.

Unajua kwamba mama yako aliviondoa vyuma vya joto, vile vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto, nyumbani kwake katika lile jengo la ghorofa mjini miaka sita iliyopita, kwa sababu pensheni ya mshona nguo haikuweza kununua joto na mkate kwa pamoja. Tangu hapo aliishi kama nusu ya mji inavyoishi, kwa joto la majirani linalopenya kuta. Ghorofa ya juu yake walikuwapo watu, wakaenda Uingereza. Kushoto alikuwapo mjane, akazikwa. Kulia ni nyumba yako, uliyoinunua kwa jasho lako, yenye madirisha mapya na sakafu ya mbao za mwaloni, ambamo watu hulala siku kumi na mbili kwa mwaka, mwezi Agosti. Akabaki Gencho wa chini, yule fundi bomba mstaafu. Mama yako alitandika godoro sakafuni, mahali ambapo chini yake ni sebule ya Gencho, akalala hapo majira mawili ya baridi.

Gencho akagundua. Mwezi Novemba alimkuta kwenye ngazi, watu wakiwapo, akamwambia, "Bibi Nevyana, umeamkaje? Joto langu lilikutosha, au nikuongezee blanketi?"

"Lilinitosha, Gencho," mama yako akajibu, "ila lilikuwa linanuka kabichi. Mwambie mkeo aongeze pilipili."

Watu walicheka hadi ghorofa ya sita. Gencho hakucheka. Wiki hiyohiyo alinunua sponji nyeupe ya kuzuia joto, akaigongomea dari yote, na alihakikisha anapiga nyundo saa ambazo mama yako yupo juu anasikia. Nilimfuata nikamuuliza kama yeye hana mama.

"Mwalimu," akaniambia, "mama ninaye, tena joto lake nalilipa mimi. Huyu wenu ana binti. Nenda kamuulize binti."

Na kwa kuwa nakusema wewe, sina budi kujisema na mimi. Nilipanda juu nikamwambia mdogo wangu kwamba kutumia cha mtu bila ruhusa ni wizi, hata kikiwa joto. Aliinamisha kichwa akasema, "Sawa, kaka." Maneno yangu yalikuwa sahihi. Natamani ulimi ungekatika kabla sijayasema.

Utauliza kwa nini sikumchukua kwangu. Nilimwomba mara mbili. Tuna chumba kimoja tu chenye moto, lakini angepata nafasi. Alikataa. "Nikija kijijini," alisema, "nani atafuta vumbi kwa Zornitsa?"

Alikuwa akilifuta kila Jumamosi. Jumamosi ya mwisho wa mwaka aliingia kwako na kitambaa chake, akateleza, nyonga ikamkatalia kuinuka. Jumatatu nilishuka mjini na maharage ya mwaka mpya. Nilipogonga kwake bila kuitikiwa, nikajaribu mlango wako.

Alikuwa amelala chini ya dirisha, kitambaa bado kiko mkononi. Jikoni, chupa za achari alizokuwekeeni kwa ajili ya Agosti zilikuwa zimepasuka kwa barafu. Kwenye sofa, karibu na kichwa chake, palikuwa na mablanketi mapya matatu ndani ya nailoni. Nailoni haikuchanwa. Valvu ya chuma cha joto ilikuwa juu ya bega lake. Niliigeuza ili nione kama imekwama. Haikukwama. Mtoto angeifungua kwa vidole viwili.

Anasema usiku wa mwaka mpya alisikia simu yake ikiita upande wa pili wa ukuta, mara mbili. Alifurahi kwamba umekumbuka.

Hospitalini nilimuuliza, "Nevyana, kwa nini hukufungua?"

"Kaka, si alikataza? Alisema mbao zitapinda."

Nami nakumbuka. Nilikuwapo Agosti, tukila tikiti maji kwenye roshani yako, uliposema, "Mama, joto usilifungue, sakafu itapinda. Tena utampashia nani? Humu hamna mtu."

Madaktari wamemkata vidole vilivyokufa kwa baridi, vinne vya mguu wa kushoto na viwili vya kulia. Atatoka hospitali Alhamisi, tarehe mbili Februari. Kidonda kinahitaji muuguzi kila siku, na muuguzi hafiki kijijini kwetu. Daktari amesema wazi kwamba akirudi kwenye chumba chake cha baridi, mguu utaoza, na Machi hataiona. Anapaswa kukaa kwako, na kwako pawe na joto.

Lakini ameniapisha, kwa kaburi la mama yetu, kwamba sitaigusa valvu bila neno lako. Ufunguo uko mezani mbele yangu ninapoandika.

Nataka neno hilo kabla ya tarehe mbili. Sitaki fedha zako wala machozi yako. Ukinyamaza, nitavunja kiapo. Nitafungua kila valvu hadi mwisho, nitachana nailoni, nitamlaza mama yako kwenye kitanda chako, na sakafu ipinde. Itakuwa mara yangu ya kwanza kuapa uongo, na dhambi hiyo tutagawana wewe na mimi.

Raina anakusalimu kwa maneno ambayo sitayaandika. Nisalimie Asen, na umbusu Boyana. Mwambie kwamba chupa moja ya bibi yake haikupasuka, nimeifunga kwenye furushi nililompa dereva pamoja na barua hii. Mungu akujalie uzee mrefu, na upande wa pili wa ukuta wako pawe na mtu.

Mama yako naye anakusalimu. Amenikataza kuandika habari za vidole. Ameniagiza nikwambie jambo moja tu, usiwe na wasiwasi: sakafu yako haijapinda.

Mjomba wako, akupendaye hata sasa,
Metodi