Nasaba ya Kina Ruddock

Ilford, 4 Februari 2024

Dada Zainab,

Bwana Mwadini Khatib, mkaazi wa Ilford, London, anasikitika kutangaza kifo cha birika lake la umeme, kilichotokea nyumbani kwake Jumanne asubuhi baada ya kuugua muda mfupi. Marehemu ameacha vikombe na mgane mmoja, ambaye sasa anachemsha chai kwenye sufuria ya wali. Habari ziwafikie jamaa wote wa Kikwajuni na Chake Chake.

Baada ya msiba huo, hujambo? Goti linasemaje? Mpwa wangu Harith na watoto wake wazima? Mwambie asichoke kutupigia picha barua zetu na kuzituma, maana wewe ukishika simu unaifokea kama mtumishi. Mimi mzima, isipokuwa tumbo, ambalo limezidi uzima.

Sasa habari ndogo. Binti yetu Hayat anaolewa.

Kijana ni Mmarekani, anaitwa Kaleb Ruddock, wanafanya kazi ofisi moja. Amesilimu msikitini mbele yangu akachukua jina la Miraji, ingawa mama yake bado anamwita Kaleb, na mimi moyoni namwita Bwana Samahani, kwa kuwa ndilo neno analolitamka kuliko yote. Harusi ni Juni, ukumbini Harrow.

Najua utauliza: mtu wa nani? Safari hii swali limepata mwenyewe. Mama wa kijana, Bi Marjorie, amekuja London kwa ajili ya nasaba tu. Ukoo wao ulitoka hapa zamani, enzi Marekani bado koloni la Mwingereza, ukaenda kufyeka msitu kwenye milima ya Virginia, mwisho wa walikofika Wazungu. Sasa anatafuta makaburi ya waliobaki nyuma. Nani anamzungusha? Mkwe mwenziwe mwenye gari bovu na asiyejua kukataa. Nimeshaona makaburi mengi kuliko mchimbaji wake.

Hayat anasema barua ya mwaliko atakuandikia mwenyewe, uipeleke kwenye maombi ya viza. Sare ya wanawake wa nyumbani ni kijani cha ndimu.

Mdogo wako,
Mwadini


Kikwajuni, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Mwadini,

Rambirambi za birika zikufikie, Mungu akupe subira. Sisi wazima. Goti huuma nikiwaza watu wa Ilford, kwa hivyo leo linauma.

Nimelia, nikacheka, nikaenda Darajani siku hiyohiyo kununua kitambaa. Kijani cha ndimu. Kwa rangi yangu mie nitaonekana kama sahani ya kachumbari, lakini mama wa bibi harusi hachagui.

Maana mama ni mimi. Nalisema kwa sababu wewe una tabia ya kuyasahau mambo kwa kuyacheka. Mkeo Haifa, Mungu amrehemu, alifariki hata uso wa mwanawe hajauona vizuri. Ulinijia na kile kitoto ndani ya khanga, na siku hiyo hukuwa na mzaha. Harith alikuwa bado ananyonya. Nikamwachisha kabla ya wakati wake, maziwa hayakutosha wawili. Akaanzishwa uji, akawa mfupi vile mnavyomcheka. Hayat alinyonya mpaka akatembea. Aliniita Mama mpaka ulipomchukua kuja naye huko.

Kwa hivyo nitakaa kiti cha mama. Nitamfukiza udi mwenyewe na nitamshika mkono akitoka. Nataka hilo tu, mengine mtajijua wenyewe. Mwambie aharakishe mwaliko. Watu wa viza hawajui habari za maziwa.

Na hao kina Ruddock waliofyeka msitu: msitu ulikuwa wa nani?

Dada yako, na mama wa mwanao,
Zainab


Ilford, 17 Machi 2024

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumai umefunga salama na goti limefunga pia mdomo wake. Mimi nafunga, na tumbo halijapata taarifa.

Swali lako la msitu nililifikisha kwa Bi Marjorie. Akasema ulikuwa mtupu. Kisha akanieleza kwa urefu jinsi babu yao alivyopigana na watu waliokuwemo.

Huyo babu ni Josiah Ruddock, mtoto wa fundi mapipa wa hapahapa London. Alijenga nyumba ya magogo kule milimani. Mkewe akafariki kwa uzazi, kama Haifa wetu, akaacha kitoto cha kiume, Abel. Josiah alikuwa na mtumwa mwanamke jina lake Phibe, naye ana mwanawe mchanga, Isaka. Phibe akawanyonyesha wote wawili. Ukoo wote huo, wenye majumba na mawakili, umetoka kwenye ziwa la Phibe. Bi Marjorie akilisimulia hilo hutoa kitambaa akafuta macho.

Lakini lipo na jingine. Abel alipokuwa mtu mzima na kurithi, alimtoa Isaka kwa jirani, akachukua farasi jike. Farasi huyo ndiye chanzo cha utajiri wao, na sura yake imechorwa kwenye pete ya Kaleb. Nilihadithiwa tukiwa tumekwama kwenye foleni Tooting, kwa sauti ya mtu anayesifu biashara nzuri. Nadhani hakujua alichokisema. Wewe unajua. Mtu alimuuza ndugu yake.

Basi nimepewa kazi ya heshima: kuchora chati ya nasaba, itundikwe ukumbini siku ya harusi, kwa hati ileile ambayo Baba alituchapa bakora tukaijua. Kulia kina Ruddock, kushoto sisi. Na kwa kuwa mimi nimesoma chuo cha Kurani, najua anayenyonyesha ni mama, nimempa Phibe palipo pake, ubavuni mwa mama mzazi wa Abel, kwenye ukingo wa kulia, na chini yake Isaka. Wewe nimekuweka ubavuni mwa Haifa, kwenye ukingo wa kushoto, na Harith chini yako. Pande zimelingana kama mizani. Jumamosi tunafuturu kwa Hayat, nitawafunulia. Bi Marjorie atalia tena, namjua sasa.

Mdogo wako, mchoraji wa kifalme,
Mwadini


Kikwajuni, 25 Machi 2024

Mwadini mdogo wangu,

Sisi hatujambo, saumu inakwenda. Barua yako nimeisoma nikamsomea na jirani. Jina langu liandike kwa hati nene, watu wa huku watalitafuta kwenye picha na macho yao hayaoni mbali.

Nina moja la kuuliza. Kizazi cha Isaka kimealikwa? Kama bado, watafutwe. Hiyo ni harusi ya ndugu yao, na Bi Phibe hana mtu wa kumkalia kiti.

Nguo imekwisha. Fundi aliniambia nigeuke, nikageuka mpaka goti likakasirika.

Mwaliko haujafika. Futari ya Jumamosi ilikwendaje?

Dada yako, na mama wa mwanao,
Zainab


Ilford, 12 Mei 2024

Dada Zainab,

Samahani kwa kimya. Nina furaha kutangaza kuzaliwa kwa birika jipya. Mama na mtoto wazima. Goti je?

Futari ilikwenda vizuri, sambusa zilisifiwa sana. Kuhusu mwaliko, Hayat amezongwa na kazi, na watu wa viza wamekuwa wakali mwaka huu. Halafu nawaza goti lako kwenye ndege safari yote hiyo. Huenda ikawa bora tuje sisi baadaye, tufanye karamu ndogo hapo Kikwajuni, ukae na watu wako.

Chati imependeza.

Mdogo wako,
Mwadini


Kikwajuni, 23 Juni 2024

Mwadini,

Salamu. Huku wazima.

Shenaz wa Tooting, yule rafiki wa shule wa Hayat, amemletea Harith picha za harusi. Mwanangu amependeza, mashallah. Kwenye kiti cha mama amekaa yule Bi Marjorie wenu, amevaa kijani cha ndimu.

Chati ipo nyuma yao. Harith aliivuta kwa vidole mpaka herufi zikawa kubwa kama kunguru. Hayat yupo. Haifa yupo. Pembeni ya Haifa pana ukuta. Harith alizima simu. Akaenda zake dukani.

Shenaz anasema aliuliza nilipo, na bibi harusi akamjibu kuwa yaya wake wa Zanzibar amenyimwa viza. Mie sijaomba viza. Nilikuwa nasubiri barua.

Nguo niliivaa kwa fundi tu, siku ya kupima pindo.

Niandikie kilichotokea. Usinichekeshe.

Zainab


Ilford, 30 Juni 2024

Dada,

Assalamu alaikum. Sikuulizii goti leo, sina haki nalo.

Ni ile futari ya Machi. Baada ya sala nilitandaza chati mezani na kusimama nyuma yake kama mtu anayesubiri makofi. Bi Marjorie akafuata mstari kwa kidole mpaka ukingoni, akafika kwa Phibe. Hakulia. Alisema kwa upole kabisa, "Mwadini, huyu alikuwa mtu wa kazi."

Nikamweleza kwamba kwetu ziwa ni uzazi, na kwamba hata mkwe wake anao mama wawili, nikamwonyesha jina lako. Nilidhani nakupandisha wewe. Bi Marjorie akamgeukia Hayat akamuuliza, "Huyu ni mama yako?"

Meza nzima ikamtazama mtoto. Nilimwona akipima, Dada. Akasema, "Ni shangazi yangu. Alikuwa akinilea. Kama yaya."

Kaleb akasema samahani. Alimwambia mama yake.

Hayat akaleta mkasi wa jikoni, akamkata Phibe na Isaka wake. Ile ilikuwa adabu kwa mgeni, nilijiambia. Lakini upande mmoja sasa ulikuwa mfupi, na Bi Marjorie akainamisha kichwa akasema karatasi haijalingana. Kwa hiyo ukakatwa wewe, na Harith. Hawakuwa wamekukasirikia. Ulikatwa ili karatasi ilingane.

Jikoni nilimuuliza habari ya mwaliko. Alinijibu kwa Kiingereza, nami nakutafsiria bila kupunguza: "Akija atakaa mbele na kuwahadithia wote habari za ziwa lake. Mimi sitaki kuwaza mdomo wangu ulikuwa wapi." Nikamwambia ulimwachisha Harith kwa ajili yake. Akasema hakuomba.

Tukarudi mezani na watu wamenyamaza. Wewe unanijua, kimya sikiwezi. Nikawaambia kwamba dada yangu mwenyewe ameandika kuwa kwenye ile sare ataonekana kama sahani ya kachumbari, basi harusi imeokoka. Walicheka sana. Bi Marjorie alinishika mkono. Tangu kuja kwake ndiyo mara ya kwanza alinipenda.

Limebaki moja, na hili hakuna aliyeniuliza. Mkasi ulikuwa butu. Ulipofika kwenye jina lako, karatasi ikaanza kujikunja, ikawa inataka kuchanika kuelekea kwa Haifa. Hayat akasema, "Baba, shika hapa."

Nikashika, kwa mikono miwili, nikaivuta ikanyooka mpaka alipomaliza. Imekatwa vizuri. Ukiitazama huwezi kujua kwamba palikuwa na mtu.

Mwadini